Daftari la Sufuri la Modogashe

Wanangu wa ofisi ya ruzuku, mlinidai ripoti ya makabidhiano mara tatu kabla sijaondoka, na mara tatu nikawaambia iko njiani. Haikuwa njiani. Niliwaachia funguo za kabati, muhuri, mpira wa fundi wa kupimia usawa, na kipima mvua kimoja chenye alama za meno ya ngamia, nikaona nimemaliza. Juzi yule kijana mpya akanipigia kuniuliza kama kile kipima mvua kibovu akitupe tu au kwanza aandike barua ya kukiondoa kwenye orodha ya vifaa. Hapo nikajua lazima nikae chini niandike. Usikitupe, mwanangu. Soma kwanza.

Nilikuja Garissa nikiwa mwalimu wa jiografia kutoka Machakos. Kazi niliyopewa ilielezwa kwa sentensi ndefu, lakini ukiikamua ilibaki hivi: shule zinaomba ruzuku ndogo ili watoto wajifunze, kwa mikono yao wenyewe, maji ya mvua yanatoka wapi, yanapita wapi, yanabeba nini njiani na yanaishia wapi. Mimi nasoma maombi, natembelea shule, nasema ipi ipewe na ipi isubiri. Awamu ya kwanza ilikuwa vifaa vya kujifunzia. Shule iliyofanya vizuri ilipata awamu ya pili, yaani nyenzo za kutengeneza kitu cha kweli kwenye chanzo chake cha maji. Nilidhani ningekaa miaka miwili halafu nirudi kwetu nikalime maharagwe. Maharagwe yalinisubiri sana.

Siku ya kwanza nilikuta bunda la fomu mezani. Fomu yenyewe ilitungwa na mtu aliyekulia mahali penye mito. Swali la tatu: Taja mto ulio karibu na shule yako. Swali la nne: Taja mlima ambako mto huo unatoka. Shule za kando ya Tana zilijibu bila taabu. Lakini shule moja ya upande wa Hulugho ilijibu la tatu hivi: "Utakuja mwezi wa nne, inshallah." Na la nne: "Hatuna. Tukifadhiliwa tutautafuta." Mimi, mwalimu mwenye cheti, nikaandika pembeni kwa wino mwekundu kwamba majibu si makini. Ilinichukua msimu mzima kuelewa kwamba laga, korongo la mchanga linalopitisha maji wakati wa mvua tu, ni mto kamili. Ni vile tu unafanya kazi kwa msimu, kama baadhi yetu pale ofisini.

Mkuu wangu wa Nairobi, Bi. Njoki, alinifundisha kujaza majedwali. Kazi yenyewe nilifundishwa na dereva wetu, Adeer Bare. Adeer ni ami kwa Kisomali, na ndivyo tulivyomwita sote kwa heshima yake. Alikuwa mtu wa Wajir, mrefu, mwenye ndevu za hina na maoni kuhusu kila kitu, hasa kuhusu mimi. Safari yetu ya kwanza nilishuka garini na faili wazi mkononi, nikauliza swali la kwanza kabla mlango haujafungwa. Walimu wakanitazama kwa huruma. Bare akaniita kando.

"Madam, funga hiyo karatasi. Kwanza watu nauliza wewe habari. Mvua ya Garissa, nyasi ya njiani, bei ya mbuzi, yote. Wewe najibu. Halafu wewe nauliza wao. Halafu chai. Karatasi nakuja mwisho."

"Adeer, tutachelewa."

"Umeshachelewa. Sasa hivi wao nafikiri wewe ni bolisi."

Basi nikajifunza kutoa habari. Kule habari si salamu ya kupitisha wakati. Anayetoka safarini anadaiwa maelezo: wapi kumenyesha, wapi majani yamekauka, kisima gani kina foleni. Mzee mmoja aliniuliza Kenya hali yake ikoje. Nikamwambia, baba, hata hapa ni Kenya. Akacheka, akasema habari hizo bado ziko barabarani, huenda lori limeharibika. Mwanzoni nilijibu "nzuri" kwa kila swali, kama tulivyozoea kwetu, nikashangaa kwa nini wanauliza tena. Bare akanieleza kwamba mtu anayesema "nzuri" tatu mfululizo ama anaficha jambo ama alilala safari nzima. Hilo liwekeni akilini.

Nilibeba pia mlima. Nairobi walitutumia trei ya plastiki yenye mlima wa kijani juu yake; unamwaga maji kileleni, watoto wanaona yanavyoteremka na kubeba mchanga. Hulugho nilipoutoa, watoto waliuzunguka kwa adabu kubwa. Nikawauliza wanaona nini. Msichana mmoja akasema ni kichuguu kinachougua, na darasa zima likakubaliana naye. Kesho yake mlima ulibaki garini. Tulitoka nje hadi kwenye kichuguu cha kweli kando ya uwanja, tukakimwagia maji yaliyobaki baada ya kunawa, na mchwa wakatufundishia somo lote. Sikubeba mlima tena mpaka siku Bi. Njoki alipokuja kututembelea.

Kwenye ardhi tambarare mpira wa fundi ndio mkombozi. Ni ule mpira mwembamba unaoonyesha ndani. Unaujaza maji, mtoto mmoja anashika ncha hii, mwingine anasogea mbali na ncha ile, na maji yanatulia usawa mmoja pande zote mbili. Kama kwa mmoja maji yako gotini na kwa mwingine yako kiunoni, mnajua nani amesimama chini, hata kama macho yanaapa kwamba uwanja ni sawa kama meza. Watoto waliupenda, walimu waliupenda zaidi. Bare hakuuhitaji. Alitazama tu takataka zilizonasa kwenye miba, upande gani na juu kiasi gani, akasema maji yalipita hapa yakaenda pale. Kila tulipompima kwa mpira alikuwa sahihi, na iliniudhi kidogo.

Vipima mvua navyo vilikuwa na visa vyao. Mwalimu wa Kutulo aliniandikia barua fupi ambayo bado ninayo. "Kifaa kimetafunwa. Mwenye ngamia ameomba radhi. Ngamia hajaomba." Ndicho hicho mnachotaka kukitupa. Kina mikwaruzo lakini hakivuji, na nimekitumia kufundishia walimu wapya tangu siku hiyo.

Sasa Modogashe, maana ndiko nilikokosea kweli.

Shule iko nje kidogo ya mji, mbali na makutano ya barabara na malori yake. Laga inateremka juu ya shule, na chini yake kuna silanga, bwawa la kuchimbwa ambalo familia za pale huishi kwa maji yake. Kila mvua laga ilileta tope, na silanga likajaa udongo mpaka kina chake kikabaki cha magoti. Likikauka, familia huhama na mifugo, na darasa hubaki na madawati. Mwalimu Dekow, aliyesimamia klabu ya maji, aliniambia kwamba muhula mmoja aliuanza akitafuta pa kukalisha watoto na kuumaliza akifundisha wanne. Alitaka awamu ya pili kwa jambo moja tu: shimo la kutega tope mdomoni mwa silanga, na mstari wa mawe juu yake wa kupunguza kasi ya maji. Alilitaka kabla ya mvua inayofuata. Likikosa kuchimbwa, silanga lingezibika kabisa na shule ingefungwa kwa kukosa watoto.

Sharti la awamu ya pili lilikuwa daftari la mvua la miezi sita. Daftari la Modogashe likafika. Ukurasa wa kwanza, kila siku, sufuri. Ukurasa wa pili, sufuri. Nilifunua mpaka mwisho: sufuri tupu, mwandiko mmoja, kalamu moja. Siku hiyo hiyo likaja daftari la shule nyingine ya upande ule ule, ambayo sitaitaja. Hilo lilikuwa na milimita nne, kumi na moja, saba, tena nne, pamoja na grafu ya rangi tatu. Niliipenda grafu ile. Miezi yote hiyo gari letu lilikuwa gereji na Bare yuko likizo kwa mifugo yake, kwa hiyo sikuwa nimetoka Garissa, na Garissa kulikuwa kumenyesha mara mbili tatu. Nikamwandikia Bi. Njoki kwamba shule ya grafu ipewe na Modogashe iachwe, kwa kuwa "takwimu hazionyeshi juhudi." Naikumbuka sentensi hiyo kwa sababu wakati ule niliiona nzuri. Nikaituma.

Bare aliporudi na gari likatoka gereji, nilimwonyesha grafu kwa majivuno. Aliitazama kwa muda.

"Fizuri sana," akasema. "Rangi safi. Lakini madam, mbuzi yangu ilikuwa hapo hapo miezi tatu. Mimi nilihamisha wao, majani hakuna hata ya kufuta mikono. Hii mvua ilinyesha wapi? Ndani ya ofisi?"

Kesho yake alfajiri tukaondoka kwenda Modogashe bila kuambiwa na mtu.

Dekow alitupokea kwa chai ya maziwa na habari zote kwa mpangilio wake, mifugo, ukame, mgonjwa mmoja aliyepona, na hakugusa suala la ruzuku hata kidogo. Alikuwa na adabu ya kuumiza. Mwishowe mimi ndiye niliyeuliza nani anayeandika daftari. Akamwita msichana wa darasa la saba, Sahara. Akaja akiwa amelikumbatia daftari lingine jipya, lililoanza pale lile la kwanza lilipoishia.

"Wewe ndiye unayeandika?"

"Ndio, madam."

"Kila siku?"

"Kila siku saa mbili. Hata Ijumaa."

"Na kila siku ni sufuri. Hukuchoka?"

"Nilichoka," akasema. "Lakini ilikuwa sufuri."

Nikamwambia, kwa ile sauti ya ualimu, kwamba angeweza kuandika mara moja tu kwamba mwezi huo haikunyesha. Alinitazama kama mtu anayemwonea mgeni aibu, halafu akanieleza taratibu.

"Baba yangu ndio anaenda sahan."

Sahan ni desturi ya wafugaji wa kule. Kabla familia haijahama, mtu mmoja hutangulia peke yake kutazama majani na maji, kisha anarudi na habari, na watu wote na mifugo yote huhama au hukaa kwa neno lake.

"Akikuta nyasi hakuna, anarudi anasema hakuna," Sahara akaendelea. "Akienda mara tatu na hakuna, anasema hakuna mara tatu. Akiona aibu akasema iko, watu watahama na mbuzi itakufa yote. Sasa mimi nikiandika nne na haikunyesha, si nimeua mbuzi?"

Miaka yote nilifundisha jiografia nikiwaambia watoto wa watu wapime kwa uaminifu, na yule wa kwanza aliyenitii kikamilifu nimemwandikia kwamba hana juhudi. Niliona haya, na bado naona haya ninapoandika hapa. Bare alikuwa anakunywa chai yake akitazama pembeni, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Madam, kuna shida na daftari?" Dekow akauliza kwa upole.

"Daftari halina shida, mwalimu. Shida ni mimi. Nimeshapeleka ripoti ya kuwakataa."

Aliizungusha bilauri yake mkononi. "Wazee wanasema mvua iko karibu," akasema. "Hiyo haitasubiri ripoti ingine."

Nikauliza simu inashika wapi. Watoto wakanielekeza nyuma ya jikoni, juu ya kichuguu, hakuna pengine. Nikapanda na viatu vyangu vya ofisi. Aliye juu mngoje chini, walisema wahenga, na shule nzima iliningojea chini kwa hamu.

"Unataka tufadhili daftari tupu?" Bi. Njoki akauliza.

"Si tupu, madam. Limejaa sufuri, na kila moja ni ya kweli. Tupu ni lile la grafu."

"Ripoti yako tumeshaipeleka kwa wafadhili."

"Najua. Waambie nilikosea."

Akasema, "Mumbua, uko wapi? Nasikia watoto wanacheka."

"Niko juu ya kichuguu, madam."

Akanipa hadi jioni niandike marekebisho, nitie sahihi, na nieleze kosa lilikuwa la nani. Nikayaandika juu ya boneti ya gari, na neno la kwanza lilikuwa "Nilikosea." Baadaye aliniambia fomu haikuwa na mahali pa neno kama hilo, akaliweka kwenye sehemu ya mengineyo. Siku tisa tulikaa bila jibu. Nililala vibaya zote tisa. Siku ya kumi Modogashe ikapewa.

Ile shule ya grafu tuliipitia pia, na nilikuwa nimejiandaa kuwa mkali. Mwalimu mkuu, mtu mzima mwenye heshima zake, hakukana. "Madam," akasema, "fomu yenu ilikuja na masanduku mengi sana. Mgeni akikuletea chombo, utamrudishia kitupu kweli? Tuliona haya." Nilitafuta ukali wangu nikaukosa. Watu hawa walikuwa wamenikirimu mvua. Tulikubaliana warudie miezi sita, na kwamba mbele yangu sufuri si chombo kitupu. Bare alicheka kutoka pale hadi Garissa, na kila tulipoona wingu aliniuliza kama ni la kweli au ni la grafu.

Modogashe walichimba wiki hiyo hiyo nyenzo zilipofika. Watoto walipima kwa mpira wa fundi maji yaingilie wapi, wazazi wakashika majembe, kina mama wakabeba mawe ya mstari, na baba yake Sahara, mtu mwembamba asiyesema sana, alibadilisha mahali pa shimo kwa hatua kumi baada ya kutazama miba. Mpira ulimkubalia. Sasa walikuwa wawili wa kuniudhi.

Mvua ilipokuja nilikuwa ofisini. Dekow alinipigia akiwa juu ya kichuguu, na niliisikia mvua kabla ya kumsikia yeye. Alisema laga imeshuka, shimo limeshiba tope mpaka limevimba, na silanga lina maji yanayofika kifuani mwa mtu mzima. Halafu akampa Sahara simu. Msichana akanitajia milimita zake kwa sauti ile ile aliyozoea kutajia sufuri. Muhula ule Dekow aliumaliza akilalamika kwamba madawati hayatoshi.

Miaka ikaenda kama inavyokwenda. Fomu ilibadilishwa, swali la mlima likaondolewa, na lile la mto likapewa nafasi ya kuandika unakuja lini. Bare alistaafu kabla yangu, akabaki mjini kwa kazi ya kunipigia simu na kunikosoa.

Sherehe yangu ya kuaga mliiona wenyewe. Mlinisifu mpaka nikatazama nyuma kuona ni nani anayezungumziwa. Kazi nzuri, uongozi mzuri, matokeo mazuri. Sahara naye alikuja kutoka Modogashe, ambako sasa ni mwalimu na klabu ya maji ni yake, akakaa kimya nyuma karibu na Bare. Mlipomaliza, Bare akainuka kwa fimbo yake bila kukaribishwa.

"Mimi nahesabu hapa nzuri tatu," akasema. "Sasa madam mwenyewe atoe habari."

Wengine mlidhani anatania. Mimi nilijua hatanii. Nikasimama nikatoa habari zangu. Nikasema kuna shule ambayo kipima mvua chetu kiliishia dukani kikipimia sukari, nami nilijua, sikurudi. Kuna klabu tatu zilizokufa siku mwalimu alipohamishwa, kwa sababu sikuwahi kufikiri nani atashika baada yake. Kuna mashimo mawili ya tope niliyoyapitisha mezani bila kufika, na yote mawili yalichimbwa upande wa juu, ambako maji hayapiti. Na kuna mtoto niliyemwandikia kwamba hana juhudi, yuko pale nyuma, na sikuwahi kumwomba radhi mbele ya watu. Nikamwomba.

Sahara aliinamisha kichwa, akaitikia kwa mkono kifuani. Nikaona baadhi yenu mkitazama sahani. Bare peke yake ndiye aliyeonekana kuridhika. Aliegemea fimbo yake, akatikisa zile ndevu nyekundu.

"Haye," akasema. "Hiyo sasa ni habari. Madam, unaweza kuhama."